Alichokuwa akibeba tarishi

Wiki tatu zilizopita mkuu wangu wa kazi aliniomba niandike ripoti fupi juu ya athari zinazotarajiwa za programu ya akili mnemba ambayo ofisi yetu inataka kuanza kuitumia. Kurasa mbili zinatosha, alisema, ilimradi zimfikie kabla ya mwezi kwisha. Nilikubali bila kusita kwa sababu kazi hiyo si ngeni kwangu. Miaka 12 nyuma, tulipoachana na barua za ndani tukahamia kwenye makundi ya ujumbe wa simu, ni mimi niliyeandika ripoti ya namna hiyo. Nikaitafuta kwenye mafaili ya zamani, nikaipata, nikavuta kiti nikaisoma.

Niliandika kwamba matangazo yatafika papo hapo badala ya kuchukua siku mbili. Kwamba karatasi zitapungua. Kwamba vikao vya kupeana taarifa tu vitakufa vyenyewe, na wakuu wa idara watajibiana bila kusubiriana. Yote yalitokea. Ukiipima ripoti ile kwa yale iliyoyasema, huwezi kuipunguzia hata alama moja.

Halafu nikaanza kuhesabu ambayo haikuyasema. Haikusema kwamba kazi itatufuata mpaka kitandani, na kwamba ipo siku mtu ataonekana mzembe kwa kutojibu ujumbe wa saa nne usiku. Haikusema kwamba mwenzetu mmoja mwenye kigugumizi, ambaye kwa miaka sita sikuwahi kumsikia akichangia kikaoni, angekuwa mtu ambaye rai yake inasubiriwa kuliko ya mwingine yeyote, kwa kuwa kwenye maandishi hakuna anayemkatiza. Hilo lilikuwa jema kubwa, na sikuliona likija. Wala haikusema lolote juu ya tarishi, isipokuwa mstari mmoja kwenye jedwali la mwisho: "nafasi moja itapunguzwa."

Tarishi wetu alikuwa mzee mrefu, mkoba wa turubai begani, kamba ya mkoba imeshonwa upya mara mbili kwa uzi wa rangi nyingine. Saa mbili na nusu asubuhi alianzia masjala, saa sita mchana alikuwa ghorofa ya juu, jioni anashuka na majibu. Tulimuaga vizuri, akalipwa haki zake zote, tukapiga picha pamoja.

Haukupita mwaka, mama mmoja wa uhasibu akafiwa na mumewe. Taarifa iliwekwa kwenye kundi saa moja jioni. Baada yake zikaja jumbe 60 na ushee kuhusu hesabu za kufunga robo mwaka. Mimi sikuiona. Siku ya nne nilikutana naye kwenye ngazi, amerudi kuchukua karatasi fulani, nikamchangamkia nikamuuliza likizo ilikuwaje. Hakunijibu. Alinitazama tu, kisha akashika kikono cha ngazi akaendelea kupanda. Uso wake ule sijausahau mpaka leo.

Enzi za tarishi jambo lile lisingetokea. Angefika mezani kwangu, aweke barua, ainame kidogo, ashushe sauti: "Umesikia ya mama wa uhasibu?" Na angesimama pale pale mpaka uinuke.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: mtu anaijua ofisi, anawajua watu, amekalishwa afikirie kwa makini nini kitabadilika, inakuwaje anaona yote yasiyo na uzito na kupitwa na yote yenye uzito? Nimesoma sana kuwahusu wavumbuzi na waliokuwa karibu nao, na kilichonishangaza ni kwamba watu wenye akili kubwa mno walisimama mahali pale pale niliposimama mimi.

Mchukue Thomas Edison, mvumbuzi wa Marekani. Mwaka 1877 alitengeneza fonografu, mashine ya kwanza iliyonasa sauti ya mtu na kuirudisha. Mwaka uliofuata alichapisha makala akieleza itatumika kwa nini: kuandikisha barua kwa imla bila karani, vitabu vya kusikiliza kwa wasioona, kufundishia matamshi, saa zitakazotaja wakati kwa sauti, kuhifadhi maneno ya mwisho ya mtu anayekata roho. Muziki aliutaja pia, lakini kama kitu kimoja kati ya vingi. Biashara yenyewe aliiona ofisini, kwenye barua. Mwishoni mwa miaka ya 1880 wafanyabiashara wakaanza kuweka mashine hizo kwenye kumbi, unatumbukiza sarafu unasikia wimbo, na watu wakajipanga foleni. Muziki ukaimeza fonografu nzima. Baadaye, kwa kuwa upande mmoja wa santuri ulibeba takriban dakika tatu tu, watunzi wa nyimbo wakajifunza kusema yote ndani ya dakika tatu, na vizazi vikakua vikidhani huo ndio urefu wa asili wa wimbo.

Ukiisoma orodha ya Edison leo, karibu kila kitu kimetimia. Vitabu vya kusikiliza vipo, saa zinazosema zipo, sauti za marehemu tunazo kwenye simu zetu. Kwa hiyo hakukosa ubunifu, wala hakukosea yaliyomo kwenye orodha. Alikosea uzito: kipi kitakuwa bahari na kipi kitakuwa kijito. Ripoti yangu ilikuwa na kasoro hiyo hiyo, nami sikuwa na kisingizio cha kuwa wa kwanza duniani.

Simu na redio ndizo zinazonivutia zaidi, kwa jinsi zilivyobadilishana viti. Mwaka 1893 mjini Budapest ilianzishwa huduma iliyoitwa Telefon Hírmondó. Mteja aliweka kipokezi sikioni akasomewa habari na bei za soko la hisa, na usiku akapelekewa opera kwa waya hadi nyumbani. Paris nako, tangu 1890, ungeweza kusikiliza tamthilia kwa simu kupitia huduma ya Théâtrophone. Wakati huo huo mawasiliano yasiyo na waya ya mvumbuzi wa Italia, Guglielmo Marconi, yalikusudiwa kupeleka ujumbe kutoka mahali pamoja kwenda mahali pengine pamoja, hasa kati ya meli na nchi kavu. Kwamba mtu yeyote mwenye chombo cha kupokea angeweza kusikia ujumbe usiomhusu ilihesabiwa kuwa dosari ya kurekebishwa. Miaka ya 1920 dosari hiyo ndiyo ikawa utangazaji wa redio. Simu iliyodhaniwa itatangaza ikawa ya mazungumzo, na redio iliyodhaniwa ya mazungumzo ikatangaza.

Hata baada ya simu kuwa ya mazungumzo, waliokuwa wakiiuza huko Marekani hawakuelewa ni mazungumzo gani. Kwa miongo kadhaa makampuni yaliitangaza kama chombo cha biashara na shughuli za maana: kumwita daktari, kuagiza bidhaa dukani. Watu kupiga soga kwenye waya ilionekana ni kuuchezea. Wengi wa wakuu wa kampuni hizo walitokea kwenye telegrafu, yaani ujumbe wa maandishi unaopelekwa kwa waya, ambako kila neno lina bei na lazima liwe na sababu. Waliujua waya kama viganja vya mikono yao. Hawakumjua mwanamke aliyekaa shambani, jirani yake wa karibu yuko mwendo mrefu, ambaye angeweza kusikiliza tu pumzi za wenzake kwenye laini ya pamoja na akahisi siku imepungua urefu. Mpaka kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ndipo matangazo yakaanza kuwaambia watu wapigiane simu kwa ajili ya kujuliana hali, na wakati huo watu walikuwa wameshaanza zamani.

Mifano mingine nitaipitia haraka. Mwaka 1902 mhandisi Willis Carrier alibuni mtambo wa kudhibiti unyevu katika kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn, kwa sababu karatasi zilikuwa zikivimba na kunywea na rangi zikaacha kukaa mahali pake. Mtambo ule ndio mama wa viyoyozi, na viyoyozi vilisaidia kuhamishia mamilioni ya Wamarekani kwenye majimbo ya joto ya kusini, na kura zao pamoja nao. Mashine za kufulia nazo ziliahidi kumpumzisha mama wa nyumbani. Mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan alionyesha kwamba saa za kazi hazikupungua kama ilivyotarajiwa: nguo zilizokuwa zikifuliwa mara moja kwa wiki zikaanza kufuliwa kila uchao, kiwango cha usafi kikapanda, na kazi iliyokuwa ikifanywa na wengi au kupelekwa kwa dobi ikarudi mikononi mwa mtu mmoja.

Lakini kuna mfano mmoja ambao siwezi kuupita haraka.

Miaka ya 1950 daktari wa wanawake aitwaye Ian Donald alikuwa akifanya kazi Glasgow. Aliijua rada tangu vitani, na alisikia kwamba viwandani wanatumia mawimbi ya sauti kutafuta nyufa ndani ya chuma. Mwaka 1955 alipakia kwenye gari uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa akaupeleka kiwanda cha mitambo ya mvuke huko Renfrew, ajaribu kama mashine ya kupimia chuma inaweza kutofautisha uvimbe mmoja na mwingine. Iliweza. Mwaka 1958 yeye na wenzake, John MacVicar na Tom Brown, wakachapisha matokeo yao, na humo zikawemo picha za mtoto aliye tumboni. Hapo ndipo ilipoanzia altrasaundi ya wajawazito tunayoijua. Nani angehesabu wanawake waliookolewa kwa sababu daktari aliona mapema kwamba kondo limekaa vibaya, au kwamba mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi? Ni chombo ambacho ningekitetea mbele ya yeyote.

Mashine hiyo hiyo, ilipopungua bei na kuenea, iliweza kusema kitu kingine: huyu ni mvulana, huyu ni msichana. Ikaingia katika nyumba ambamo kwa karne nyingi mtoto wa kiume alitamaniwa na wa kike akapokewa kwa huzuni. Huko India sensa ya 1991 ilihesabu wasichana 945 kwa kila wavulana 1,000 wenye umri wa chini ya miaka saba. Mwaka 1994 nchi hiyo ikapitisha sheria ya kukataza kupima jinsia ya mtoto aliye tumboni. Sensa ya 2001 ikahesabu 927. Korea Kusini mwaka 1990 walizaliwa wavulana zaidi ya 116 kwa kila wasichana 100, wakati kwa kawaida ya maumbile huwa kama 105. Mimba za wasichana zilikuwa zikitolewa, na aliyezitambua kuwa za wasichana ni mashine iliyobuniwa kutafuta nyufa ndani ya chuma.

Kinachonikaa moyoni ni kwamba Ian Donald alikuwa mtu wa dini, na alipinga hadharani sheria ya Uingereza ya 1967 iliyoruhusu kutoa mimba. Aliamini kwamba mtu akimwona mtoto kwenye kioo atampenda. Kwa wazazi wengi ilikuwa hivyo kweli. Lakini mashine haikuwa na namna ya kujua ni nani atakayetazama kioo, na mama mkwe wake amesema nini jana usiku.

Korea Kusini iliporudi karibu na uwiano wa kawaida, kufikia mwaka 2007 hivi, mashine hazikuwa zimeondolewa. Zilikuwa nyingi kuliko mwanzo. Sheria zilichangia, lakini kilichobadilika zaidi ni hesabu za ndani ya nyumba: mabinti walisoma, wakafanya kazi, wakaonekana wanaweza kuwatunza wazazi wao uzeeni, sheria za urithi na ukoo zikabadilishwa. Aliyetaka kutabiri athari za altrasaundi mwaka 1958 ilimbidi ajue hayo yote. Kuijua altrasaundi kusingemtosha.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa ripoti yangu. Mimi niliijua programu ya ujumbe. Nilisoma maelezo yake yote, nikaijaribu, nikawahoji waliokuwa wakiitumia kwingine. Maisha ambayo programu ile ilikuwa ikiingia ndani yake niliyachukulia kuwa nayajua kwa kuwa nilikuwa naishi humo. Kumbe kuishi mahali si sawa na kupajua.

Nikiri kwamba si kila jambo linaingia kwenye maelezo haya. Yapo madhara ambayo hakuna mtu, hata aliyewajua binadamu wote kwa majina, angeyaona. Thomas Midgley, mhandisi na mkemia wa Marekani, ameacha mifano miwili, na watu huitaja kwa pamoja kana kwamba ni kosa moja. Mimi naona tofauti kubwa.

Wa kwanza ni madini ya risasi kwenye petroli. Mwaka 1921 Midgley aligundua kwamba kiasi kidogo cha mchanganyiko wa risasi kinaondoa kugonga kwa injini. Risasi ilijulikana kuwa sumu tangu kale. Midgley mwenyewe aliugua kwayo. Mwaka 1924 wafanyakazi watano walikufa katika kiwanda cha New Jersey kilichokuwa kikiitengeneza, baada ya kupagawa. Daktari Alice Hamilton na wengine walionya waziwazi kwamba kitu hiki kitaenezwa hewani katika kila mtaa. Kikauzwa hata hivyo, na nchi ya mwisho kuacha kukiuza kwa magari, Algeria, iliacha mwaka 2021. Huwezi kuniambia hapa kwamba athari hazikutabirika. Zilitabiriwa, waliozitabiri wakazidiwa nguvu na wenye biashara. Nalisema hili kwa hasira kidogo, kwa sababu maneno "hakuna aliyeweza kujua" hutumika mara nyingi kufukia majina ya watu waliojua na wakasema.

Wa pili ni gesi za majokofu. Majokofu ya zamani yalitumia gesi kama amonia na dioksidi ya salfa, na bomba likivuja usiku familia inaweza kufa. Mwaka 1928 Midgley na wenzake wakapata gesi isiyowaka na isiyodhuru. Mwaka 1930 alisimama mbele ya wanakemia wenzake akaivuta kifuani, akaipuliza kwenye mshumaa, mshumaa ukazimika. Hakuwa akimdanganya mtu. Gesi ile kweli haikumdhuru aliyeivuta. Mwanasayansi James Lovelock alipoipima juu ya bahari mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuikuta kila mahali, aliandika mwaka 1973 kwamba kuwepo kwake hakuna hatari inayoweza kufikirika. Mwaka mmoja tu baadaye Mario Molina na Sherwood Rowland wakaonyesha kwamba gesi hizi hupanda hadi tabaka la juu, zikavunjwa na mwanga wa jua, na klorini inayotoka inakula ozoni, gesi inayotukinga na miale hatari ya jua. Tundu juu ya Antaktika likaripotiwa mwaka 1985, na mkataba wa Montreal wa kuziondoa ukatiwa saini mwaka 1987.

Usalama wenyewe ndio uliokuwa chanzo cha hatari: gesi ile haikuchangamana na kitu huku chini, ndiyo maana ilifika juu ikiwa nzima. Sioni ni nani mwaka 1930 angejua. Ninachojifunza kwa mkataba wa Montreal ni kwamba kulikuwa na mtu anayepima, kulikuwa na mtu anayesikiliza aliyepima, na kulikuwa na njia ya kurudi, ingawa kurudi kulihitaji miongo.

Njia ya kurudi ndilo jambo lililomshughulisha mwanazuoni wa Uingereza David Collingridge. Mwaka 1980 alieleza mtego ambao sijaona aliyeutegua tangu hapo. Teknolojia ikiwa changa, kuibadilisha ni rahisi, lakini hujui ubadilishe nini kwa sababu madhara hayajaonekana. Madhara yakishaonekana, teknolojia imeshaota mizizi kwenye kazi, sheria, majengo na mazoea, na kuing'oa ni gharama isiyobebeka. Rai yake haikuwa kwamba tutabiri vizuri zaidi. Ilikuwa tuchague, pale tunapoweza, mambo yanayorekebishika, na tuweke gharama ya kukosea iwe ndogo.

Naweza kutaja mahali ambapo jambo hili lilifanyika bila mtu kumsoma Collingridge. Huduma ya M-Pesa huko Kenya ilianza kama jaribio mwaka 2005, lengo likiwa watu walipe marejesho ya mikopo midogo kwa simu. Katika jaribio watu wakaonekana wanafanya mambo mengine: wanatumiana pesa wao kwa wao, wanaweka pesa humo kabla ya safari ili wasitembee nazo mfukoni. Waliokuwa wakiendesha jaribio wangeweza kusema watumiaji wanakosea. Walipozindua huduma mwaka 2007 waliizindua kama ya kutumiana pesa. Lilikuwa jaribio dogo, na macho yalikuwa kwa watu badala ya kuwa kwenye mpango.

Sasa narudi kwenye akili mnemba, kwa sababu ndiyo niliyoombwa kuiandikia. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa mitandao ya neva inayoendesha programu hizi, alisema tuache kufundisha madaktari wapya wa radiolojia, kwa kuwa ndani ya miaka mitano, labda kumi, mashine zitasoma picha za ndani ya mwili vizuri kuliko wao. Simlaumu. Hakuna aliyeijua mashine kuliko yeye, na mashine zimekuwa hodari kweli. Lakini miaka imepita, hospitali nyingi bado zinalia kwa uhaba wa madaktari hao. Kusoma picha ni sehemu ya kazi yao. Wanazungumza na daktari wa upasuaji kabla hajashika kisu, wanaamua kipimo kipi kifanywe na kipi kiachwe, wanaijua historia ya mgonjwa ambayo haimo kwenye picha, na mtu akikosea wao ndio wanaowajibika.

Nilipokuwa nasoma hayo nilimkumbuka tarishi. Namba yake bado ninayo. Nikampigia jioni moja.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Umenikumbuka nini leo?"

Nikamweleza juu ya ripoti ya zamani, mstari mmoja kwenye jedwali, na ripoti mpya ninayotakiwa kuiandika. Nikamuomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema barua ni nyepesi, mwanangu, ule mkoba ulikuwa mzito kwa vitu vingine. Nikamuuliza vitu gani, na nikachukua kalamu.

Alibeba dawa za macho za bibi wa masjala, kwa kuwa bibi mwenyewe alikuwa akizisahau, mzee akampelekea saa nne na saa tisa. Alibeba funguo za stoo. Alibeba fedha za mkopo kati ya watu wawili wa ghorofa ya tatu ambao hawakuwa wakisemeshana, kila mwezi, kwenda na kurudi, mpaka deni likaisha na wao wakaanza kusalimiana. Alijua nani hajala. Na siku moja, akasema, alipewa barua ya onyo ampelekee kijana mmoja kwa kuchelewa kazini. Ilikuwa Alhamisi. Mzee alijua kwamba mtoto wa kijana yule amelazwa tangu Jumanne. Akarudi kwa katibu muhtasi wa mkuu akamnong'oneza, na wote wawili wakakubaliana bila kuandikiana kwamba barua haijafika. Ilikaa kwenye mkoba hadi Jumatatu. Jumatatu mtoto alikuwa ameruhusiwa, kijana akamweleza mkuu mwenyewe, barua ikachanwa.

Niliacha kuandika hapo. Kwenye ripoti yangu nilikuwa nimeandika, na kupigia mstari, kwamba ujumbe utafika papo hapo badala ya kuchukua siku mbili. Nilizihesabu siku zile mbili kuwa hasara tupu.

Sitaki kumfanya malaika. Mtu anayebeba habari za wote ana uwezo wa kuumiza pia, na nina hakika wapo waliowahi kuumia kwa maneno yaliyopita kwenye mkoba ule. Na kijana wetu mwenye kigugumizi asingepata sauti kama tungeng'ang'ania barua. Nikipewa nafasi ya kurudi nyuma, bado ningependekeza makundi ya ujumbe. Ila ningemuomba tarishi niongozane naye kwa wiki moja, saa mbili na nusu masjala, saa sita ghorofa ya juu, kabla ya kuandika neno.

Ripoti mpya nimeipeleka Ijumaa. Ubashiri umechukua nusu ukurasa, na nimeuandika nikijua utakuwa sahihi na mwepesi. Sehemu iliyobaki ni maombi. Nimeomba programu ianze katika idara moja, kwa miezi mitatu, na utaratibu wa sasa uendelee sambamba, usivunjwe. Nimeomba ateuliwe mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuizima bila kuomba ruhusa kwa yeyote, na wote wamjue. Nimeorodhesha watu watano ambao programu inasemekana itawapunguzia kazi, nikaomba niketi na kila mmoja siku nzima kabla haijawashwa. Mkuu alifunua kurasa, akaniuliza athari zinazotarajiwa ziko wapi. Nikamwambia nyingine nitamletea nikishaketi na hao watano. Alifikiri, akatia saini.

Wa kwanza ni dada wa mapokezi. Programu, kwa maelezo ya wauzaji, itajibu asilimia kubwa ya maswali anayoulizwa. Leo asubuhi nilipita kumwambia kwamba Jumatatu nitakuja kukaa naye. Akadhani nataka kumkagua, nikamwambia hapana, nataka kuona tu. Akaniuliza, kwa muda gani? Nikamwambia kutwa, tangu unafungua mpaka unafunga. Akanitazama, kisha akainama chini ya meza, akavuta kiti cha pili, akafuta vumbi kwa kiganja na kukiweka upande wake wa ndani, mahali ambapo mtu anayeingia hawezi kukiona.